Usukani Ulioachwa na Wawili

Mvua zote za mwaka ule zilimnyeshea Rampha kando ya barabara. Mwili wake ulichomwa hekaluni kama inavyostahili na majivu yakatiwa chunguni, lakini roho ilibaki palepale ilipotoka, kwenye kona ya Jabali Jekundu, kwa sababu aliyekufa ghafla njiani hajui pa kurudia mpaka watu wake waende kumchukua. Na mtu wake wa kwanza, mumewe Kasem, alikuwa hospitalini Lampang na paja lililotiwa vyuma. Wauza mahindi wa pale konani walishaanza kusema wamemwona bibi mwenye nywele zilizolowa akinyoosha mkono kusimamisha magari. Mke wa Thawin naye alimwota anatetemeka kwa baridi, anauliza mbona hawaji.

Basi Kasem alipoweza kutembea kwa mkongojo, wakaenda.

Pikapu ilikuwa ya Thawin, mdogo wake Rampha, mtu ambaye mdomo wake haujui likizo. Mtawa kutoka hekalu la kijijini alikaa mbele pamoja naye. Nyuma walikaa Kasem na bintiye Yok, na katikati yao kiti kimoja wazi, juu yake picha ya Rampha, kikopo cha mchanga cha kuchomekea ubani, na kifurushi cha wali wa kunata na pilipili za kuchoma zilizotwangwa. Yok alikuwa ameongeza na fundo la majani ya chai yaliyochachushwa, yale ambayo mama yake alikuwa akiyatafuna kutwa.

“Shemeji, mguu unaumaje?” Thawin aliuliza akimtazama Kasem kwenye kioo.

“Unauma kama mguu.”

“Afadhali wewe una cha kuuma. Lile gari la ibilisi lingekumaliza na wewe. Mashine haina mama, haina baba, itakuoneaje huruma? Mimi hii pikapu yangu mbovu, lakini nikiishika, nimeishika.”

“Mjomba, angalia mbele,” alisema Yok.

Kila mtu alipolilaani lile gari, Kasem alinyamaza, na watu wakadhani ni majonzi. Majonzi yalikuwepo, tena mengi. Ila chini ya majonzi palikuwa na kitu kingine, na hicho ndicho kilichokuwa kikimkosesha usingizi kuliko paja.

Gari lenyewe lilikuwa la Yok. Alilinunua kwa jasho lake la kuchora majogoo kwenye mabakuli kiwandani Lampang: gari jeupe la umeme, si gari dogo si jipu, katikati ya hapo, lenye kimo cha kumfaa mama mwenye magoti mabovu. Siku lilipofika, Rampha alilizunguka, akalinusa, akasema hatimaye kapata gari lisilonuka dizeli wala lisilonuka mumewe. Akafunga shada la asumini kwenye kioo kwa ajili ya Bibi Mlinzi wa gari, kama ilivyo desturi.

“Gari lisilo na injini lina Bibi Mlinzi kweli?” Kasem alimtania.

“Yupo. Ila huyu amesoma,” Rampha akajibu. “Tena anajiendesha mwenyewe, Baba Yok. Wewe siku hizi ni abiria tu, ukae utulie.”

Maneno hayo yalimchoma Kasem kidogo, ingawa alicheka. Alikuwa ameendesha basi la ghorofa kati ya Bangkok na Chiang Rai tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zikawa hazipo, na hakuwahi kumwaga damu ya mtu. Kwenye kila mzimu wa mlimani, vile vibanda vya matambiko kando ya barabara, alipiga honi tatu, akaachia usukani, akaunganisha viganja mbele ya uso na kumwinamia mwenye mlima, goti la kushoto likiushikilia usukani kutoka chini. Abiria walilipenda jambo hilo. Dereva anayejua adabu hafi barabarani, walisema, nao wakaunganisha viganja vitini mwao. Mtu akisikia sifa kama hizo miaka na miaka, mwishowe huamini kuwa mlima unamjua kwa jina.

Yok alimfundisha gari jipya kwa subira. “Baba, ukibonyeza hapa linashika njia lenyewe. Linapunguza, linakata kona. Lakini mikono iwe karibu. Na ukiusukuma usukani kwa nguvu, linajua umechukua wewe. Linalia kidogo, linakuachia. Likishalia, kazi ni yako. Umenisikia?”

“Nimesikia.”

“Rudia basi.”

“Niliendesha mlimani wewe hujaota meno, mtoto wewe, leo nikariri kama mwanafunzi?” Lakini akarudia, neno kwa neno, na Rampha akampigia makofi.

Ndiyo maana hakuweza kujidanganya kwamba hakujua.

Siku ya kurudi nyumbani baada ya sikukuu ya kumwagiana maji, Yok alibaki Lampang na kazi zake, wazee wakatangulia na gari lake. Rampha alitafuna majani yake, akasifu milima, akalisifu gari kuliko mumewe. Kasem aliliacha lijishikie njia. Liliipita misururu ya malori vizuri kabisa, bila kishindo, na yeye akaanza kustarehe kiti kikiwa nyuma, magoti mbali na usukani.

Wakafika mzimu wa Jabali Jekundu, pale kabla tu ya kona. Kasem alipiga honi tatu. Alizoea honi ngumu ya basi, ile inayotaka kiganja kizima na bega lake, akaibonyeza hivyohivyo. Usukani ukayumba. Gari likaamini kuwa dereva ameshika, likalia mlio wake mdogo, likaachia. Kasem naye akaamini kuwa gari limeshika, akaachia, akaunganisha viganja.

Hivyo ndivyo alivyotamani iwe imetokea. Ingekuwa hivyo, angekuwa mpumbavu tu, na mpumbavu husamehewa. Ukweli ni kwamba aliusikia ule mlio. Aliusikia viganja vikiwa vimeshakutana na kichwa kimeshaanza kuinama, na akajua maana yake. Akajiambia: nimalize salamu kwanza. Mwenye mlima hasalimiwi nusu. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hawakusema chombo kisicho na nahodha hata mmoja kinakwenda wapi. Kile kilikwenda moja kwa moja pale barabara ilipokata kona, kikavunja kingo za chuma na kuupiga mti wa msaji kwa upande wa Rampha.

Alipozinduka hospitalini, Yok alikuwa kando ya kitanda, uso umemvimba. Thawin alikuwepo, mke wa Thawin alikuwepo, wauguzi wawili walikuwepo, na madereva watatu wa zamani waliokuja kumwona mwenzao. Yok akauliza swali moja tu.

“Baba, lililia?”

Kasem aliwatazama wale madereva. “Halikulia,” alisema. “Liliniachia kimya.”

Neno likishatoka halina mkia wa kulishikia. Yok alikwenda nalo mpaka Bangkok. Alisimama na picha ya mama yake mbele ya ofisi za kampuni iliyotengeneza gari, juani na mvuani. Wao wakatoa tamko la mistari michache: kosa la dereva. Yok akazidi kuwaka. Watu wa televisheni wakaja hospitalini, wakamrekodi Kasem, dereva wa basi asiyewahi kumwaga damu, aliyesalitiwa na mashine. Nchi nzima ikabishana. Wengine wakasema wazee wasipewe magari ya kisasa, wengine wakasema chuma hakiwezi kushinda mkono wa mtu. Kasem alijiona kwenye skrini akitikisa kichwa kwa huzuni, akajichukia. Akasubiri mambo yapoe. Hayakupoa.

Pikapu ilisimama konani. Kingo zilikuwa mpya, zinang'aa, na ule msaji ulikuwa na kovu refu lililoanza kuota gome. Mtawa alitandika mkeka, akafunga uzi mweupe kuanzia kwenye picha ya Rampha hadi mkononi mwake, akaanza kusoma sala. Yok alipanga chakula. Thawin aliwasha ubani.

Kutoka pale mzimu ulionekana, umbali wa kutupa jiwe tu, umejaa mashada na sanamu za pundamilia ambazo madereva humtolea mwenye mlima. Kila gari lililopita lilipiga honi tatu. Kila zilipolia, bega la Kasem lilishtuka lenyewe. Alimwona mama mmoja kwenye gari dogo jekundu akiachia usukani, viganja juu, macho chini, huku kona ikimjia. Alitaka kumpigia kelele. Yule mama akashika usukani, akapita salama, akaenda zake.

Sala ilipoisha, mtawa akamgeukia Kasem. “Mwite. Wewe ndiye mumewe.”

“Rampha,” Kasem aliita. “Mama Yok. Tumekuja kukuchukua. Panda gari twende nyumbani.”

Thawin alitoa sarafu mfukoni. Upande wa hekalu ukitokea, amekubali. Akairusha, ikaanguka kwenye mkeka. Haukuwa upande wa hekalu.

“Amechukia kidogo,” alisema Thawin. “Tumechelewa sana, dada. Tusamehe.” Akarusha tena. Amekataa. Wakamwongezea majani ya chai, Yok akamimina maji safi, Kasem akamwita tena. Amekataa. Ni kweli sarafu ina pande mbili tu na haijui kitu, lakini mwambie hivyo mtu aliyesimama pale mama yake alipofia. Yok akaweka maji chini.

“Ni mimi,” alisema. “Hataki kupanda kwa sababu yangu.”

“Acha hayo, mwanangu,” alisema Thawin.

“Mjomba, hujui. Nyote hamjui.” Yok alipiga magoti kwenye mkeka mbele ya picha, mbali na mtawa kama adabu inavyotaka, akaunganisha viganja. “Mama, ulisema gari linalialia kama paka wa jirani, linakukatiza usingizi. Jioni ile kabla hamjaondoka nikaingia nikaupunguza ule mlio. Nikaupunguza mpaka chini kabisa, Mama. Nilitaka ulale vizuri njiani. Ndiyo maana Baba hakusikia. Halafu nikaenda kuwatukana watu Bangkok kwamba gari lao ni bubu, na bubu nilikuwa nimelifanya mimi. Mimi ndiye niliyekuua.”

Akainama mpaka paji likagusa mkeka. Mtawa alifumba macho. Thawin alibaki na sarafu yake mkononi, mdomo wazi.

Kasem alimtazama pale chini mkekani. Kwa hiyo ndicho alichokuwa amekula mtoto huyu miezi yote hii badala ya chakula. Alidhani binti yake anapigana kwa hasira. Kumbe alikuwa anapigana kwa hofu, na mzigo ule aliyemtwika ni yeye, kwa neno moja, kwa sababu madereva watatu wastaafu walikuwa wamesimama miguuni pa kitanda.

Njia ya kunyamaza ilikuwepo, wazi kabisa. Angeweza kumwinua, akamwambia yameshapita, ajali haina kinga. Watu wangelia, sarafu ingerushwa mara ya nne, mwishowe ingekubali kama sarafu zote. Na Yok angeendelea kumpenda, angempikia, angemsindikiza kliniki, huku akijiita muuaji wa mama yake mpaka siku ya kufa kwake.

“Nililisikia,” alisema Kasem.

Yok hakuinua kichwa. “Baba, usinifariji.”

“Sikufariji. Lililia. Dogo, lakini lililia. Lile gari halina mngurumo, Yok. Hata mama yako akitafuna majani yake nilikuwa namsikia. Ulipunguza, haya, lakini nililisikia.”

Sasa Yok alimwangalia. “Ukafanya nini?”

“Viganja vilikuwa vimekutana.”

“Ukafanya nini, Baba?”

“Nikamaliza kusalimu.”

Lori likapita, likapiga honi tatu. Mlio ukapotelea ng'ambo ya kona.

“Shemeji,” Thawin alisema taratibu, “pale hospitali ulituambia…”

“Niliwaambia uongo. Nilijua likishalia kazi ni yangu. Yok aliniambia, nikarudia, marehemu akanipigia makofi. Nilidhani mlima utanisubiri.” Kasem alishika kingo mpya za chuma asianguke. Alikuwa analia, na hakujificha. “Rampha, umenisikia. Mtoto hana kosa. Kama ni mimi uliyekuwa unanikataa, nikatae. Lakini usibaki hapa mvuani.”

Mtawa alifumbua macho, akanyoosha kidole kuelekea sarafu. Thawin akairusha bila kutazama. Ilizunguka kwenye mkeka, ikalala. Hekalu.

“Amekubali,” alisema Thawin. Akajifuta jasho. “Amekubali, jamani.”

Siku nyingine yoyote wangeshangilia. Yok alisimama, akachukua picha ya mama yake na kijiti kimoja cha ubani kinachofuka, akavishika kifuani. Alipompita baba yake alisimama, karibu kabisa, na Kasem akaona macho yake hayana tena ile hofu. Alifurahi kwa hilo, kwa muda mfupi.

“Miezi mitano,” alisema Yok. “Nilikuwa naamka usiku najiuliza nijinyonge au nisijinyonge. Nawe, tangu utoke hospitali, ulikuwa chumba cha pili.”

“Sikujua kama ulipunguza. Haki ya Mungu sikujua.”

“Ulijua kwamba lililia.”

Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kilio cha Kasem kilikuwa kimechelewa, na kilimfichua akiwa peke yake.

Walirudi kama walivyokuja: mtawa na Thawin mbele, Yok na Kasem nyuma, na kiti cha katikati ambacho sasa kilikuwa na mwenyewe. Desturi inataka aliyechukuliwa aambiwe njia yote, kila daraja na kila njia panda, asije akababaika akashuka mahali pasipo pake. Kazi hiyo ni ya mume. Walipokaribia daraja la kwanza Kasem alifungua kinywa.

“Rampha, tuna…”

“Mama, tunavuka daraja,” alisema Yok, akiegemea picha. “Usiogope, maji ni ya kawaida.”

Kasem akafunga kinywa. Mtawa alitazama mbele. Thawin aliendesha kwa mikono yote miwili, kimya, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

“Mama, njia panda. Tunakwenda kulia.”

“Mama, daraja jingine. Hili dogo.”

“Mama, soko la Ngao hili. Leo limefungwa.”

Sauti yake ilikuwa laini, sauti ile aliyomfundishia baba yake gari. Likishalia, kazi ni yako. Umenisikia? Kasem alitazama nje, mashamba ya mpunga yaliyojaa maji yakipita, na kila jina la mahali lililotajwa alilijua, alilipita maelfu ya mara na basi lake, na hakuna hata moja aliloambiwa yeye.

Walimshusha mtawa hekaluni, wakampa vikapu vya sadaka, wakainama. Jua lilikuwa linaelekea milimani walipoingia uani kwao. Thawin alizima gari, akashuka mbiombio kufungua mlango wa nyumba, kwa sababu mlango wa mtu anayerudishwa hauachwi umefungwa. Yok alifungua mlango wa upande wake.

“Mama, tumefika,” alisema. “Shuka taratibu. Kuna tope hapa, pita huku kwenye mbao.”

Akashuka na picha na ubani, akatembea kinyumenyume, hatua ndogo, kama anayemwongoza mtu mwenye magoti mabovu. Kizingitini Kasem alimsikia tena: “Inua mguu, Mama. Haya. Umeingia.”

Mlango wa pikapu ulibaki wazi upande ule, na matone ya mvua yakaanza kulowesha kiti cha katikati. Kasem alikaa na mkongojo katikati ya magoti, akisubiri aambiwe kwamba wamefika.